Kutoka Ziwani Bila Kuuliza

Kwa karibu juma zima kabla hajafika mlangoni pake, Cansilde alikuwa akimwona yule mtu akikaribia.

Alikuja kila asubuhi kutoka upande wa ziwa, amevaa koti la suti lililomzidi mabega, kofia ameishika mkononi kana kwamba yumo kanisani. Hakuwa na mzigo. Hakuingia dukani, hakumsimamisha mtu, hakuuliza bei ya kitu. Alitembea kidogo, akasimama mbele ya jengo la zamani, akalitazama kutoka bati hadi msingi huku midomo ikimtikisika, kisha akaendelea. Akishatosheka kwa siku hiyo aligeuka, akarudi chini alikotoka. Kesho yake alianza tena ufukweni, akapita pale pale, akasimama pale pale, akaongeza nyumba moja au mbili. Aliupanda mji kama maji yanavyopanda mtungini.

Mwaka ule wa 1998 Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, haukuwa mahali pa mtu kutembea hivyo. Milimani juu ya mji palikuwa na vita visivyo na mstari. Waliotoka msituni waliitwa wacengezi, yaani waasi wanaojipenyeza. Walishuka vijijini, wakaua, wakayeyuka migombani, na wanajeshi wakawafuata, na vijiji vikabaki na kuku peke yao. Magari ya Ruhengeri yalikwenda kwa msafara au hayakwenda kabisa. Sokoni mafungu ya viazi yalizidi kupungua, kwa kuwa huko Kanzenze hakuna aliyethubutu kushinda shambani. Watu walijifunza kusikiliza kwanza ndipo wafungue dirisha. Mgeni anayesimama mbele ya nyumba za watu akinong'ona alikuwa mpelelezi wa hawa au wa wale, na mitaani kilichobishaniwa ni wa nani tu.

Cansilde hakubishana na mtu. Yeye alikuwa na hofu yake ya pembeni.

Alizaliwa Kanzenze, binti wa wakulima. Masista wa Nyundo walimfundisha kushona, na Sibomana, dereva wa lori la majani ya chai, akamwoa na kumshusha mjini, kwenye nyumba ya mawe meusi katika mtaa wa zamani ulio juu kidogo ya maduka. Ilikuwa na vyumba vitatu, ua wenye mparachichi, na kibaraza kinachotazama njia. Alipouliza ilikuwa ya nani, mumewe alimjibu kwamba wakubwa wa komini, serikali ya pale, wamempa, na kwamba ilikuwa tupu. Cansilde alikuwa msichana wa shamba, lakini alijua kuwa nyumba haioti kama uyoga. Mafiga ya jikoni yalikuwa na masizi ya moto wa mtu mwingine. Misumari ya ukutani ilipigwa na mtu mfupi kuliko yeye. Hakuuliza tena. Alipika juu ya mafiga yale, akamzaa Umurerwa, akaweka cherehani kibarazani, na miaka ikashonana.

Kisha yakaja yale ya 1994. Walivuka mpaka kwenda Goma pamoja na umati, na kipindupindu kikamchukua Sibomana kule kwenye mawe ya volkano ambako hata kaburi halichimbiki. Cansilde alirudi mwishoni mwa 1996 na binti yake, sufuria, na kichwa cha cherehani alichokifunga mgongoni kama mtoto. Mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa na mbuzi wa watu walilala chumbani. Aliwafukuza mbuzi, akafagia, akapigilia mlango wa mbao za masanduku, akaanza kushona sare za shule. Umurerwa alirudi masomoni, bweni huko Nyundo. Usiku mama mtu alipojihesabia kilicho chake duniani, alimtaja binti, akaitaja cherehani, akazitaja kuta zile, basi.

Ila katika miaka hiyo walikuwa wakirudi pia wale wa zamani, waliokimbia tangu wakati wa wafalme na Wabelgiji, na watoto wao waliozaliwa Uganda, Kongo na Tanzania. Redio ilisema aliyekaa nje miaka mingi asidai nyumba iliyo na watu. Watu walisema redio haijawahi kumzuia mtu aliyeshika mlango. Hapo chini mtaani familia nzima ilikuwa imetoka na magodoro yake mchana kweupe, na jioni ile ile mapazia mengine yakaning'inia.

Basi Cansilde alimtazama mtu wa koti, akakanyaga cherehani yake, akasubiri.

Aliyemletea habari ni Bushira, rafiki yake, mwenye kibanda cha chai karibu na msikiti wa Majengo. Babu zake Bushira walifika na misafara ya biashara kutoka Ujiji, na katika ukoo ule hakuna aliyewahi kupungukiwa maneno. Alisema mgeni anakula kwake, anaitwa sijui nani, ametoka Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio, na chai akishaimaliza huzungumza na kikombe.

"Mutu yako ile haiko mubaya," alisema Bushira.

"Mutu yangu tangu lini?"

"Tangu ulianza kumuangalia. Mi niko na macho, Cansi. Mujane kuangalia mwanaume wa koti, bon, haiko dhambi. Lakini koti yenyewe ingepita kwa cherehani kwanza."

Cansilde alisahau kucheka. Aliuliza mtu huyo anazungumza nini na kikombe. Bushira akaweka birika chini, akapiga makofi taratibu, akauiga wimbo wenyewe kwa sauti ya kizee. Mtu alikuwa amemwambia kuwa ni wa mama yake, aliyefia ugenini. Mama huyo aliutunga kwa Kiswahili, lugha waliyoichezea watoto wake huko, akawaimbisha jioni baada ya jioni, ili siku yoyote atakaporudi mmoja wao aweze kujitembeza katika mji asioukumbuka.

*Anza ziwa mgongoni,*
*miti mirefu kulia;*
*posta yenye matao,*
*hapo usijesimama;*
*duka lake Mgiriki*
*lipe bega la kushoto;*
*panda na njia ya mawe,*
*pete iko ukutani…*

Makofi ya Bushira yakakatika.

"Pete," alisema. "Cansi. Si ile ya kwako?"

Katika ukuta wa mbele wa nyumba ya Cansilde, karibu na mlango, kulikuwa na pete ya chuma nene kama kidole gumba, ya kufungia nyumbu wa mizigo wa zamani. Cansilde alitundika hapo sare alizomaliza kushona.

"Pete ziko mingi," alisema.

"Wapi ingine?"

Cansilde aliinamia kikombe chake. Baadaye Bushira, akimwaga masalia ya chai, alisema wimbo una mkia, akauimba bila makofi:

*Hukuiona, panda tu,*
*usiulize mwenyeji.*

Kesho yake Cansilde alifunga sare katika kitambaa, akajifanya ana mteja, akashuka ziwani. Mtu wa koti alikuwa amesimama mchangani, mgongo kwa maji. Ziwa lilikuwa kimya na zito. Askari wawili walikaa chini ya mti wakimtazama, kisha wakaacha.

Akaanza kutembea, na Cansilde akamfuata kwa mbali. Ulikuwa mji wake, alioupita kila siku akiwa na kikapu kichwani na bei za nyuzi akilini. Asubuhi ile tu ndipo alipouona. Miti mirefu ya barabara ya ufukweni ikawa kulia. Majumba ya Wazungu wa zamani yalikaa ndani ya bustani zilizoota majani, madirisha yamezibwa kwa mbao, ngazi zikipanda kwenye milango isiyofunguliwa na mtu. Posta ilikuwa kweli na matao. Alikuwa amenunua stempu hapo miaka mingi bila kuyaona. Wimbo ulimkataza yule mtu asisimame, lakini alisimama, akaweka kiganja kwenye tao kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha likaja duka la Mgiriki, ambalo siku hizi lilikuwa ghala la saruji, na nguzo zake za mbao zilizochongwa bado zilibeba paa. Hakuna kibao popote kilichosema nini kilikuwa nini. Mwanamke aliyekufa mbali, katika nchi nyingine, alikuwa ameuweka mji mzima kinywani mwa mwanawe, na mji ulikuwa bado unamtii. Kila mstari ulijibu.

Njia ya mawe ilipoanza kupanda, mtu alitazama juu, kwenye mtaa wa Cansilde. Akavaa kofia, akageuka. Walipishana. Alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama," ingawa hawakuachana sana kwa umri. Cansilde akaitika, akapita.

Mchana ule mvua ilinyesha kwa fujo, ikipiga mabati hata mtu asisikie jirani yake. Cansilde alitoa chini ya kitanda chuma cha Sibomana cha kung'olea tairi. Pete ilikataa mwanzoni. Alining'inia kwenye chuma kile kwa uzito wake wote, analia au anatokwa jasho, hata yeye hakujua, mpaka jiwe likakohoa vumbi na pete ikamwangukia miguuni. Aliitupa chooni. Tundu akalijaza udongo na majivu, mvua ilipokatika akapaka chokaa juu yake, na kwa kuwa sehemu moja nyeupe ingesema kila kitu, akapaka ukuta mzima wa mbele.

Alilala akijiambia kuwa hajamdhuru mtu. Asipoona pete atadhani mji umebadilika, atarudi Karagwe. Ndivyo angefanya mtu yeyote.

Mtu wa koti alipita siku ya pili yake, safari hii baada ya adhana ya alasiri. Cansilde alisikia viatu kwenye mawe, akainamia mshono. Viatu vikasimama. Alijua bila kuinua macho mahali macho ya mtu yalipo: kwenye chokaa mbichi. Vikasogea. Mkono ukagusa ukuta, na aliporudisha vidole vilikuwa vyeupe. Akavitazama. Akamtazama Cansilde. Neno moja tu lingetosha, naye alikuwa amelishika ulimini, hilo lilionekana usoni pake. Lakini alifunzwa asiulize. Akapangusa vidole kwenye koti. Akapanda.

Juu ya nyumba ya Cansilde zilibaki nyumba chache, kisha migomba, kisha njia ya Cyanzarwe, iendayo milimani kwenye vita.

Alishona upindo, akaufumua, akaushona tena. Yule mtu hakurudi. Kutoka huko juu walianza kuteremka watu, mwanzoni mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mikeka vichwani, watoto wakikokotwa, na hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Maduka ya chini yakaanza kufungwa, komeo baada ya komeo.

Siméon, nyumbakumi wao, alipita akiwa na mwavuli uliovunjika mbavu, anamwambia kila mtu aingie ndani. Alisema wacengezi wameonekana karibu, askari wanafunga njia ya juu, na yeyote atakayekutwa huko bila wa kumtambua atahesabiwa pamoja na wale. Akasita kibarazani.

"Wanasema iko mutu anatembea anapima nyumba," alisema. "Umemuona?"

Cansilde alitazama sindano. Hakutakiwa kusema uongo mkubwa. Hakutakiwa hata kumshtaki mtu. Angenyamaza tu, na jambo lingejimaliza lenyewe huko juu, kati ya migomba, bila mkono wake, na nyumba ingebaki na mlango wake wa masanduku mpaka Umurerwa aolewe.

"Sijaona mutu," alisema.

Siméon akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanda.

Ndipo mkia wa wimbo ulipomjia, na safari hii haukuwa na sauti ya Bushira. Ulikuwa na sauti ya mwanamke asiyemjua, mwanamke mfupi, aliyepiga misumari chini chini ukutani. Usiulize mwenyeji. Alikuwa amewaonya wanawe juu ya mtu atakayeketi mlangoni mwake na kuwadanganya. Cansilde wakati huo alikuwa bado mtoto Kanzenze, anachunga kondoo. Mwanamke yule alimjua tangu zamani, akamwimba, akamweka mwisho wa wimbo kama shimo linalowekewa alama ili watu wasitumbukie. Na yeye alikuwa amekaa pale pale alipoambiwa atakaa.

Mkasi ukamwanguka. Alitoka bila viatu, na cherehani akaiacha kibarazani kwa mtu yeyote apendaye kuiba.

Alipanda dhidi ya watu wanaoshuka. Mwanamke mmoja alimshika mkono na kumwuliza kama ana wazimu. Nyumba ya mwisho ikapita. Penye migomba ya kwanza askari walikuwa wameweka gogo njiani, na Siméon alisimama kando, mwavuli ameukumbatia. Mtu wa koti alikuwa ameketi chini kwenye tope, kofia imetoka, mikono kichwani. Askari kijana aliyeshika kitambulisho chake alikuwa akisema Kinyarwanda cha mtu huyu kinateguka, kwamba hana mwenyeji mjini, kwamba kila wakimwuliza anakwenda wapi anawajibu kwa mashairi. Juu kidogo, nyuma ya majani, mlio mmoja ulipasuka, ukafuatwa na mwingine.

"Mama, rudi chini," alisema askari.

"Huyu ni mugeni wangu."

Siméon aligeuka polepole. Askari alitazama kitambulisho, akakifunika kwa kiganja.

"Mgeni wako. Anaitwa nani?"

Cansilde hakujua. Aliyaona macho ya yule mtu kutoka topeni, na hayakumwomba kitu.

"Jina silijue," alisema. "Wimbo yake njo najua." Na pale pale, miguu mitupu kwenye tope, akausema wote, hakuuimba, aliusema kama mtu anayetoa ushahidi: ziwa mgongoni, miti mirefu kulia, posta, duka la Mgiriki, njia ya mawe. Alipofika kwenye pete aliuacha wimbo. "Pete ilikuwa kwangu. Mi njo niliitoa. Hakuiona, akapanda. Mama yake alimuambia apande."

"Uliitoa kwa nini?"

Migombani palikuwa kimya sasa, ule ukimya unaovuta pumzi. Siméon alikuwa shahidi, na maneno mbele ya nyumbakumi hayarudi kinywani. Cansilde alilijua hilo vizuri kuliko askari.

"Kwa sababu nyumba ni yake."

"Cansilde," alisema Siméon kwa sauti ya chini. "Umesikia kile umesema?"

"Nimesikia."

"Hata mi nimesikia, basi."

Askari alisoma jina kwenye kitambulisho kwa sauti, Ngoga, kama mwalimu anayemaliza kuita majina darasani, akamrudishia mwenyewe. Alisema washuke haraka na wasitazame nyuma.

Walishuka wawili, Siméon akiwatangulia kugonga milango. Cansilde alikuwa akifikiri atamwambia nini Umurerwa, na atalala wapi juma lijalo. Bushira ana chumba cha kuni, kinavuja. Milio ilianza tena nyuma yao, sasa kwa mfululizo, na ikawa vigumu kusema kama iko mbali au inakuja. Mtaa ulikuwa umefungwa wote. Kibarazani, mbele ya mlango wa nyumba ya mawe, cherehani ilikuwa bado pale, kitambaa cha buluu kikiwa kimebanwa chini ya sindano.

Ngoga alisimama mbele ya ngazi, hakukanyaga. Pale ambapo mtu yeyote angeingia tu, yeye alivua kofia.

"Hodi," alisema.

Cansilde alifungua kinywa. Neno la kumjibu alilijua tangu utoto, lakini halikuwa lake tena kulisema, naye mwenyewe alikuwa nje, amesimama njiani sawa na huyu. Alimtazama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe, kwa watu wasiokuwemo. Ukuta mweupe ulitetemeka kidogo kwa mshindo kutoka mlimani, na vumbi la chokaa likawaangukia wote wawili.

Kisha Cansilde akapanda ngazi, akaikumbatia cherehani kwa mikono miwili, akaiinua na kuisogeza kando, ili mlango ubaki wazi na mtu aweze kupita.